Kialbania: "nuk", "s'", "mos" na "jo" – nitajuaje nikanushe kwa lipi?

BintiPangani

Asalaam aleikum na habari za jioni, wanajukwaa.

Naishi Winterthur, Uswisi, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mchumba wangu ni Mwalbania, kazaliwa hapa, ila wazazi wake wametoka Gjakova, Kosovo. Harusi ni mwezi wa nane inshallah. Mama mkwe Kijerumani chake ni cha dukani, na mimi sitaki kuingia nyumba ya watu nikawa bubu jikoni, kwa hiyo najifunza. Salamu nazimudu, hesabu nazimudu, wakati uliopo naumudu. Kinachonikwamisha ni kukanusha.

Kitabu nilichoazima maktaba kinasema "nuk" na "s'" ni za sentensi za kawaida, "mos" ni ya kukataza, "jo" ni hapana. Basi. Lakini ninayoyasikia nyumbani kwao hayaingii kwenye maelezo hayo:

Mama mkwe, nikimaliza kuosha vyombo, huniambia "Mos je lodhë?" Najua "je lodhë" ni umechoka. Kama "mos" ni kukataza, ina maana ananiambia nisichoke? Sauti ni ya swali, na uso wake ni wa huruma kabisa.

Shemeji kaniandikia "Mund të mos vij nesër". Mchumba anasema hiyo si sawa na "Nuk mund të vij nesër", ila kueleza tofauti hawezi, anasema tu "ndivyo tunavyosema". Mimi naona kuja, kuweza, kesho, na ukanushi mmoja. Tofauti iko wapi?

Halafu "Nuk pashë askënd", sikumwona mtu. Naambiwa "askënd" nayo ina ukanushi ndani yake. Mbona viwili?

Na mwisho, kwa nini "mimi si Mjerumani" ni "nuk jam gjermane", lakini "si leo" ni "jo sot"? Kwetu zote ni "si".

Aliyepita njia hii anisaidie. Maelezo ya Kijerumani nimeyasoma, hayakuniingia.

---

Juma_wa_Reli

Hongera kwa harusi dada. Ushauri wangu usijitese, weka "nuk" kila mahali. Watakuelewa tu, mgeni husamehewa. Mimi Kiitaliano nilianza hivyo hivyo.

---

Mwalimu_Lamu

BintiPangani, wa aleikum salaam, na hongera.

Ndugu Juma namheshimu lakini hapa naomba tutofautiane. Mtoto akinyoosha mkono kwenye jiko la moto ukamwambia "nuk e prek", umetoa habari tu: huigusi. Hujamkataza. Kumkataza ni "mos e prek!", usiiguse. Mtu mzima atakisia ulichokusudia, mtoto ataungua. Na wewe unaingia nyumba yenye wajukuu bila shaka.

Mimi ni mtu wa Lamu, nilifundisha Kiswahili sekondari kabla ya kuhamia Durrës, Albania, kwa mke wangu. Nina jambo moja ambalo nimekuwa nikilisema kwa kila Mswahili anayejifunza lugha hii, na nitalisema tena: acheni kuisoma kupitia Kijerumani au Kiingereza. Mjerumani ana "nicht" yake, anaibandika kwenye taarifa na kwenye katazo vilevile, kwa hiyo kitabu chake lazima kimfundishe toka mwanzo kwamba kukanusha kuna milango miwili. Sisi milango hiyo tumezaliwa nayo. Tunasema "haendi" na tunasema "asiende", na hakuna mtoto wa Pangani anayezichanganya. Kialbania kinagawa papo hapo.

Basi fanya hivi. Sentensi yako itamke kwa Kiswahili kwanza, uisikilize. Ukanushi ukikaa mwanzoni mwa kitenzi, ha- au si- ya nafsi ya kwanza, Kialbania ni *nuk* au *s'*. Ukanushi ukiwa ni -si- katikati na kitenzi kikaishia kwa -e, ni *mos*.

Siendi: nuk shkoj. Hakuja: nuk erdhi. Hatutakuja: nuk do të vijmë. Sijala: nuk kam ngrënë. Unaona kitenzi chenyewe hakibadiliki hata kidogo, hakuna mambo ya "nasoma" kugeuka "sisomi". Hapo wao ni wepesi kuliko sisi.

Sasa upande wa -e. Usiende: mos shko. Usisahau: mos harro. Hii mwisho wake si -e kwa sababu "sahau" ni neno la Kiarabu, lakini umeelewa ninachosema. Tusiende: të mos shkojmë. Nataka asije: dua të mos vijë. Naondoka mapema ili nisichelewe: nisem herët që të mos vonohem. Palipo na "të" ya kutaka na kukusudia, "mos" hukaa katikati, baada ya "të", kabla ya kitenzi.

Ukishaliona hili, ujumbe wa shemeji yako unajifungua wenyewe. "Nuk mund të vij" ni *siwezi kuja*: kilichokanushwa ni kuweza. "Mund të mos vij" ni *naweza nisije*: kuweza kupo, kilichokanushwa ni kuja. Kwa hiyo shemeji hakukataa, amekutahadharisha tu, mpikie. Ndivyo ilivyo pia "nuk dua të flas", sitaki kusema, na "dua të mos flas", nataka nisiseme. Ya kwanza ni mtu aliyekasirika, ya pili ni mtu anayejizuia. Mchumba wako hawezi kukueleza kwa sababu hajawahi kuhitaji kuelezwa, kama vile wewe hujawahi kuelezwa "asije".

Ninakuja kwa mama mkwe, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

"Mos" ina kazi nyingine ambayo vitabu vingi huisogeza nyuma kabisa, sura za mwisho: hubeba wasiwasi. Waalbania husema "Kam frikë se mos bie shi". Itafsiri neno kwa neno kwa Kijerumani utapotea. Iseme kwa Kiswahili: *naogopa isije ikanyesha mvua*. Umeisikia -si- yetu? Mvua hatuikatazi, wala hatusemi kwamba hainyeshi. Tuna shaka kwamba huenda ikanyesha, na shaka hiyo sisi tunaivisha "isije". Wao wanaivisha "mos". Sasa chukua wasiwasi huo, uutoe kwenye "naogopa", uufanye swali: "Mos je lodhur?" *Isije ikawa umechoka?* Hilo ndilo mama mkwe analokuuliza. Angesema "Je lodhur?" lingekuwa swali kavu. Angesema "Nuk je lodhur?" lingekuwa *hujachoka?*, kama anayekushangaa. Kwa "mos" anakuonea huruma mapema, kabla hujajibu. Angalia pia kwamba hapa hakuna "të", kitenzi kimebaki katika umbo la taarifa. Hiyo ndiyo alama: "mos" yenye kitenzi cha taarifa ni swali la upole au la shaka. "Mos e ke parë çelësin tim?", hujauona ufunguo wangu, labda? Dukani, ofisini, kwa jirani, ukitaka kuuliza bila kumbana mtu, anza na "mos".

Jibu lake: "Jo, s'jam lodhur." Au kama umechoka kweli, "Pak", kidogo.

Mahali kipimo changu cha -e kinapohitaji macho ni kwenye -si- zisizo na -e. Sisi tunasema "mtu asiyekunywa kahawa", -si- iko katikati, lakini kitenzi hakiishii kwa -e ya kutaka. Wao: "njeriu që nuk pi kafe". *Nuk*, kwa sababu ni taarifa juu ya mtu. Na "nisipokwenda" kuna njia mbili. Ukitumia "nëse", inafuata nuk: nëse nuk shkoj. Ukitumia "po të", basi kwa kuwa "të" ipo, ni mos: po të mos shkoj. Zote zinasemwa.

Naomba nipumzike, nitarudi kwa "askënd" na "jo". Kama kuna mtu wa Kosovo au anayekaa nao, atusaidie na lahaja, maana mimi ninakaa na watu wa kusini kidogo.

---

BintiPangani

Shikamoo mwalimu! Nimesoma hii nikiwa kwenye treni, nikajikuta naitikia kwa kichwa peke yangu. "Isije ikawa umechoka", kumbe!

Kabla hujaendelea, kuna kitu. "Nuk" na "s'" zinatofautianaje? Na vile vineno vifupi, e, më, të, i, vinakaa kabla au baada ya ukanushi? Nikifika hapo ulimi unasimama.

---

Mwalimu_Lamu

Marahaba mwanangu.

Kwa maana hazitofautiani. "Nuk kam kohë" na "s'kam kohë" zote ni sina wakati. "S'" ni ya mdomoni zaidi, "nuk" hupendwa kwenye maandishi rasmi, lakini gazetini utaziona zote na hakuna atakayekusahihisha. Mbili pamoja haziwi. Kwenye matamshi, "s'" ikitangulia sauti nzito inageuka kuwa z: "s'di" utaisikia kama *zdi*, "s'dua" kama *zdua*. Usiitafute s hapo, hutaisikia. Na neno likianza kwa s au sh, wengi huona "nuk" inateleza vizuri zaidi: nuk shoh, sioni.

Vineno vifupi: furahi, maana mpangilio ni wetu. Ukanushi, kisha mtendwa, kisha kitenzi. Si-ku-ku-ambia: nuk të thashë. U-si-ni-subiri: mos më prit. "Sijui" ya kila siku ni "nuk e di" au "s'e di", na ile "e" ni "-ki-" au "-i-" yetu, ingawa sisi mara nyingi hatuitaji. Na kama kuna "po" ya kitendo kinachoendelea, hiyo nayo inakaa nyuma ya nuk: nuk po e kuptoj, hapa nilipo sikielewi. "Do" ya wakati ujao vivyo hivyo: nuk do ta harroj, sitaisahau.

Mahali panapowatega watu ni amri. Amri ya kutenda hubandika mtendwa mkiani: *hape derën*, fungua mlango. Ukikataza, ile "e" inatoka mkiani inarudi mbele: *mos e hap derën*. Wengi husema "mos hape", na hapo hapo mgeni anajulikana. *Preke*, iguse, *mos e prek*. *Ulu*, kaa, *mos u ul*, usikae. Zizoeze kwa jozi, usizisome mojamoja.

Sasa askënd.

Usiione kama ukanushi wa pili. Ichambue. "As" ni *wala*, "kush" ni *nani*. Askush: wala nani. "Gjë" ni kitu, asgjë: wala kitu. "Një" ni moja, asnjë: wala moja. "Kund" ni mahali, askund: wala mahali. Mswahili akisema "hali nyama wala samaki", hakuna anayemwambia umekanusha mara mbili, sivyo? Ndivyo hasa: "nuk ha as mish, as peshk". Basi "nuk pashë askënd" ni sikumwona wala nani, "nuk kam asgjë" ni sina wala kitu. "Askush" hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hiyo akitendwa ni "askënd", akipewa ni "askujt": mos i thuaj askujt, usimwambie mtu yeyote.

Ushikilie kwamba nuk haiondoki hata "askush" akitangulia. Hakuna aliyekuja ni "askush nuk erdhi". Ukiiacha nuk, sentensi inabaki na tundu.

Na "wala mimi", mtu akisema "nuk më pëlqen", hainipendezi, ukakubaliana naye, ni "as mua". Neno dogo hilo, lakini ukilitoa kwa wakati wake mezani, watu wanageuka kukutazama.

Kuhusu "jo": ni kweli "si" yetu inafanya kazi mbili na wao wamezigawa. Palipo na "ni" iliyofichwa, yaani ukigeuza kuwa kubali unapata "mimi *ni* mwalimu", wao lazima walete kitenzi cha kuwa, na kitenzi kikija, ni nuk au s': nuk jam mësues. "Unë jo mësues" haipo. Lakini "si" inayoondoa neno moja tu na kuweka lingine, *si leo, kesho*, hiyo haina kitenzi, na hapo ni "jo": jo sot, nesër. Jo unë, ai: si mimi, yeye. "Ti po, unë jo", wewe ndiyo, mimi hapana. Jo vetëm... por edhe..., si... tu, bali pia. Kipimo ni kitenzi: kama kipo, nuk, s' au mos, kama hakipo, jo.

Nimalizie na vitu viwili vya haraka. "Kuto-" yetu ya majina ni "mos-" yao, imeunganishwa kabisa: mosbesim, kutoaminiana, mospagesë, kutolipa, hii utaiona kwenye barua za bili, mosmarrëveshje, kutoelewana. Na "-sio na" yetu ni "pa": i papunë, asiye na kazi; i pamartuar, asiyeoa; e pamundur, isiyowezekana. "Pa" hiyo hiyo ikisimama peke yake ni *bila*: doli pa folur, alitoka bila kusema.

---

Kigoma_Basel

Mwalimu kashusha darsa hadi raha. Mimi nakaa Basel, timu yangu ya mpira nusu ni Wakosovo, kwa hiyo niongezee ya kwao, maana dada anaingia Gjakova, haingii Durrës.

Kitabu chako dada kinafundisha lugha sanifu, ile iliyoidhinishwa Tirana 1972, ambayo imejengwa zaidi juu ya Kitosk, lahaja ya kusini mwa mto Shkumbin. Wakosovo wenyewe waliikubali kwa shule na maandishi tangu 1968 pale Prishtina, hata kabla ya idhini hiyo ya Tirana, kwa hiyo mchumba wako anaisoma na anaielewa. Ila jikoni kwa mama mkwe ni Kigeg, lahaja ya kaskazini. Ndiyo maana unasikia "lodhë" badala ya "lodhur".

Kanuni ya nuk na mos ni ile ile, usiogope. Kinachobadilika ni kwamba Wageg wana kitenzi-jina chenye "me", ambacho kusini hakipo. Sitaenda, kitabuni ni "nuk do të shkoj", nyumbani kwao ni "s'kam me shku". Siwezi kuja, kitabuni "nuk mund të vij", kwao "s'muj me ardhë". Na kile kipimo cha mwalimu kinafanya kazi hata hapa: afadhali usiende ni "ma mirë mos me shku". Mos! Kwa sababu ni usiende.

"Askush" kwao ni "kërkush", "asgjë" ni "kurgjo". S'e di kërkush. S'kam kurgjo. Kabisa ni "hiç", la Kituruki hilo, wanalipenda: s'po kuptoj hiç, sielewi kabisa.

Maneno yatakayokutoa kila siku: "s'ka problem" na "s'ka gjë", zote hakuna neno. Mtu akikushukuru, "s'ka përse". Kumtuliza mtu, "mos ki dert" au "mos u mërzit". Na kitu cha kutisha kikitajwa, ugonjwa au ajali, wazee husema "mos e dhëntë Zoti", Mungu asilete. Hiyo nayo ni mos, ya dua.

Halafu mimi naomba mwalimu aeleze "dot". Rafiki yangu mmoja wa Vlorë, kusini mwa Albania, kila sentensi ana "dot", Wakosovo hawana.

---

Mwalimu_Lamu

Asante sana Kigoma, hayo ya "mos me shku" yamenikamilishia. Na hiyo "mos e dhëntë Zoti" ni umbo la kuombea, lina viambishi vyake maalumu, mos ikitangulia ni kuomba jambo lisiwe. *Lisiwe*, -e tena.

Dot. Neno hili linaishi kwenye ukanushi na maswali, kwenye sentensi ya kukubali hulikuti. Linakaa nyuma ya kitenzi na linaongeza *siwezi, nimejaribu imeshindikana*. "Nuk fle" ni silali. "S'fle dot" ni usingizi umegoma, najigeuza kitandani. "S'e hap dot" ni siwezi kuufungua, nimeshasukuma. Ukilinganisha na "nuk mund ta hap", ile ya pili ni baridi zaidi, inaweza kuwa huna ufunguo au huna ruhusa. "Dot" ina jasho ndani yake. Watu wa kusini na wa kati hawakai saa moja bila kulitumia. Wakosovo wanaweka "s'muj" mahali pake, kama alivyosema ndugu.

Na kwa kuwa umetajwa wakati, mwanangu: "hajaja" yetu, ile -ja-, wao hawana kiambishi chake. Wanachukua wakati timilifu na kuongeza "ende" au "akoma", bado: nuk ka ardhur ende. Usiiache "ende", la sivyo umesema hakuja tu, hakuna tumaini kwamba atakuja. Shangazi akikuuliza kama umeshaolewa, na watakuuliza, usijibu "jo" peke yake. Kwetu Mswahili muungwana husema "bado". Wao husema "jo ende". Na "tena" ya kuacha ni "më": nuk punoj më atje, sifanyi kazi pale tena.

---

Juma_wa_Reli

Nimeelimika, ushauri wangu wa nuk kila mahali naufuta. Swali: nilisikia Waalbania wakitikisa kichwa maana yake ndiyo. Ni kweli?

---

Kigoma_Basel

Kwa watu wa Albania, hasa wazima, ni kweli. Kichwa kikiyumba upande huu na huu ni ndiyo, kidevu kikipanda juu, mara nyingi na kale kasauti ka ulimi, ni hapana. Kale kasauti kwetu ni kama msonyo, dada ukikasikia usidhani umedharauliwa. Wakosovo waliokulia Uswisi wanatumia kichwa kama Wazungu wengine. Kwa wazee, sikiliza "po" na "jo", kichwa kiache.

---

BintiPangani

Walimu wangu, nimetunga sentensi zangu mwenyewe. Nisahihishieni bila huruma:

1. Ende nuk flas mirë shqip. (Bado sisemi Kialbania vizuri.)
2. Dua që mos të shqetësoheni. (Nataka msisumbuke.)
3. Mos i laj enët, i laj unë. (Usivioshe vyombo, nitaviosha mimi.)
4. Kam frikë se nuk kuptoj. (Naogopa nisije nikaelewa vibaya.)
5. Askush më tha. (Hakuna aliyeniambia.)

Na swali la mwisho kabisa. Mezani wananijazia sahani mpaka basi. Nikisema "nuk dua" naona wanakunjamana. Niseme nini?

---

Mwalimu_Lamu

Ya kwanza iko sawa, usiiguse.

Ya pili, mtaani utasikia "mos të", na Wakosovo wengi husema hivyo, lakini ukiandika ni "të mos": dua të mos shqetësoheni. Hiyo "që" hapo iondoe.

Ya tatu ni nzuri mno, na ule mkia "i laj unë" umeuweka kama mzawa: "unë" mwishoni ndiyo *mimi, si wewe*. Ila umeielekeza kwa mtu mmoja wa rika lako. Kwa mama mkwe mwanzoni mpe wingi wa heshima, "mos i lani enët". Yeye mwenyewe atakwambia uache, na akikwambia, acha.

Ya nne ina matatizo mawili. Ulichoandika ni naogopa kwamba sielewi, yaani una hakika huelewi na jambo hilo linakutia hofu. Ulichokusudia kina shaka, kwa hiyo ni "se mos", na kitenzi ni cha kuelewa vibaya: kam frikë se mos kuptoj gabim. Hii uisome mara nyingi, maana ndiyo mos ya mama mkwe ile ile, sasa umeishika wewe.

Ya tano umeacha tundu nililokutajia: askush nuk më tha. Na utazame mpangilio, nuk, kisha më, kisha tha. Ha-ku-ni-ambia.

Kuhusu sahani, namwachia Kigoma, yeye ndiye anayekula huko.

---

Kigoma_Basel

Dada, "nuk dua" ni sitaki, kavu hivyo hivyo kama ilivyo kwetu. Nani humwambia mama mkwe sitaki? Kwetu unasema nimeshiba. Kwao ni "u ngopa", nimeshiba, na ukitaka kuongeza, "s'muj ma", siwezi tena. Kwa wa kusini ndiyo ile ya mwalimu, "s'ha dot më", nimejaribu kula zaidi imeshindikana. Anza na kusifu: "shumë mirë, po s'muj ma", tamu sana, ila siwezi tena. Hiyo "po" ni *lakini*, si ndiyo.

Atakujibu "ha edhe pak, mos u turpëro", kula kidogo tena, usione haya. Kula vijiko viwili, useme tena "s'muj ma", ndipo ataondoa sahani.